Mishipa Inayojitokeza Tumboni: Historia ya Alama Moja ya Maradhi ya Ini

Ini ni kiungo kisicholalamika. Moyo ukichoka hupiga mbio, na mapafu yakiugua huleta kikohozi. Lakini ini laweza kuharibika kwa miaka mingi na mwenyewe asijue. Kwa sababu hiyo waganga wa kila zama wametafuta alama za nje za kuwaambia habari za ndani. Mojawapo ya alama hizo ni mishipa ya damu inayotanuka na kujitokeza juu ya ngozi ya tumbo, mingine ikipanda kifuani na mingine ikishuka kinenani. Vitabu vya Ulaya huieleza kama jambo la Ulaya, na jina lake limetoka katika hadithi ya Wayunani. Walakini sehemu nzito ya historia yake imeandikwa katika Afrika, kutoka Kairo hadi Ziwa Viktoria, na kutoka Turkana hadi malisho ya Loliondo. Historia hiyo ina somo moja: mshipa waonyesha kwamba njia imezibwa, lakini haumtaji aliyeiziba. Mganga anayemtaja mwenye kosa kabla ya kuuliza aweza kumdhulumu mgonjwa.

Kwanza yafaa njia yenyewe ielezwe. Damu iliyopita katika matumbo na bandama hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanyika katika mshipa mmoja mnene unaoingia katika ini, na humo hugawanyika vijito visivyohesabika. Ini hutwaa chakula kilichomo, hupunguza sumu, kisha huiachilia damu iende zake moyoni. Katika mtu mzima lita moja na nusu hivi ya damu hupita katika ini kila dakika, na yapata robo tatu ya damu hiyo huletwa na mshipa huu. Ini likiwa gumu, au mshipa ukizibwa, damu hurundikana nyuma kama maji ya mfereji uliojaa takataka, na shinikizo hupanda. Ndipo damu hutafuta vichochoro.

Kichochoro kimoja kilitumika kabla mtu hajavuta pumzi ya kwanza. Mtoto akiwa tumboni mwa mamaye, damu ya kondo humjia kwa mshipa wa kitovu unaokwenda mpaka katika ini. Baada ya kuzaliwa mshipa huo hufungika ukawa kama kamba, lakini kandokando yake hubaki mishipa midogo. Shinikizo likizidi, mishipa hiyo hutanuka, na damu ya matumbo hutokea kitovuni na kumiminika katika mishipa ya ngozi. Hivyo mgonjwa hurudia njia aliyopitia akiba yake ya kwanza, ila sasa damu hupita kinyume: zamani iliingia, sasa yatoka.

Watu wa kale hawakuijua njia hiyo, lakini walijua kwamba ini gumu na tumbo lililojaa maji ni ndugu. Erasistratus, mganga Myunani wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba maji hukusanyika tumboni kwa sababu ini limekuwa gumu kama jiwe. Elimu hiyo ikapokewa na waganga walioandika kwa Kiarabu, nao wakayaita maradhi ya kujaa maji istiska, neno lililofika hata katika Kiswahili cha pwani. Ibn Sina, aliyeishi kutoka 980 hadi 1037, aliuita mshipa unaoingia katika ini al-bab, yaani mlango. Na vitabu vya Kilatini vikauita mlango vilevile. Jina hilo ni zuri kuliko mengi yaliyofuata. Latukumbusha kuwa damu yote ya chakula hupita mahali pamoja, na mlango mmoja ukifungwa nyumba nzima hupata taabu.

Kilichokosekana katika elimu ya kale ni mwendo wa damu. William Harvey, Mwingereza, alipotoa kitabu chake mwaka 1628, alitoa ushahidi ambao mtu yeyote angeweza kuurudia kwa vidole vyake. Mkono ukifungwa, mishipa huvimba. Mshipa ukibanwa kwa kidole na kukamuliwa, huonekana damu yarudi kutoka upande gani. Mwalimu aliyemtangulia huko Padua, Fabricius, alikuwa ameonyesha mwaka 1603 vifuniko vidogo vilivyomo ndani ya mishipa; Harvey alieleza kazi ya vifuniko hivyo. Jaribio hilo la mkono ndilo linalotumika mpaka leo juu ya tumbo la mgonjwa. Mganga huweka vidole viwili pamoja juu ya mshipa, huvitenganisha huku akibana ili kipande cha katikati kikauke, kisha huinua kidole kimoja. Mshipa ukijaa mara moja, damu yatoka upande huo. Usipojaa, huinuliwa kidole cha pili.

Jaribio hilo ni dogo, lakini majibu yake ni makubwa. Ikiwa kizuizi ki katika mlango wa ini au katika ini lenyewe, damu hutoka kitovuni kwenda pande zote: juu ya kitovu hupanda, chini ya kitovu hushuka. Lakini ikiwa uliozibwa ni mshipa mkuu unaopandisha damu ya miguu kwenda moyoni, basi damu ya mishipa ya tumbo hupanda yote, hata chini ya kitovu, na mishipa huonekana zaidi mbavuni na mgongoni. Matumbo mawili yaweza kufanana kwa macho, na maradhi yake yakawa mbali. Macho peke yao hayatoshi, yahitaji vidole.

Jina la Ulaya la alama hii ni kichwa cha Medusa, yule mwanamke wa hadithi ya Wayunani ambaye nywele zake zilikuwa nyoka. Ni jina linalokaa akilini, na kwa sababu hiyo limewapotosha wanafunzi wengi, kwa kuwa mduara kamili wa mishipa kama nyoka kuzunguka kitovu ni nadra. Mara nyingi zaidi huonekana mishipa miwili au mitatu tu juu ya kitovu, ikielekea kifuani. Mwanafunzi anayengoja nyoka wote ataipita alama yenyewe. Tena vitabu husema mishipa huonekana kama mistari ya buluu. Juu ya ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani vema. Mshipa hutambulikana kwa kuinuka kwake, mgonjwa akisimama na nuru ikimjia kwa ubavuni, na kwa mguso wa mkono.

Katika karne ya 19 waganga wa Paris walianza kuoanisha kilichoonekana kitandani na kilichokutwa katika upasuaji wa maiti. René Laennec, yule aliyevumbua chombo cha kusikilizia kifua, ndiye aliyelipa ini gumu lenye vinundu jina la sirosisi mwaka 1819, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya hudhurungi. Jean Cruveilhier, katika kitabu chake kikubwa cha picha kilichotolewa kati ya 1829 na 1842, alieleza mgonjwa mwenye mishipa mikubwa ya tumbo iliyotoa mvumo, kama upepo katika mwanzi, ulioweza kusikika karibu na kitovu. Mjerumani Paul von Baumgarten aliirudia habari hiyo mwaka 1907. Wakati huohuo Augustin Gilbert na Maurice Villaret wa Paris walikuwa wamekwisha kusema wazi kwamba chanzo cha yote, maji tumboni, bandama kubwa na mishipa ya ngozi, ni shinikizo katika mshipa wa mlango wa ini.

Hata hapo elimu ilikuwa njema. Lakini pamoja nayo ilisafiri tuhuma. Mwaka 1793 Matthew Baillie wa London alikuwa ameandika kwamba ini lenye vinundu huonekana zaidi kwa watu wanywao vileo vikali. Kwa London yake alisema kweli. Vizazi vilivyofuata viliifanya kweli hiyo ya mji mmoja kuwa kanuni ya dunia nzima: mwenye tumbo la maji na mishipa ni mlevi, na akikana, aongopa. Kanuni hiyo ilifika Afrika ndani ya vitabu vya masomo, na imewaaibisha watu wasiopata kuonja tone la pombe, wakiwamo wanawake na watoto.

Jawabu la kwanza kwa kanuni hiyo lilikuwa limekwisha kutolewa katika Afrika yenyewe. Mwaka 1851, mjini Kairo, kijana wa Kijerumani aliyeitwa Theodor Bilharz alipasua maiti na kukuta minyoo ndani ya mshipa wa mlango wa ini. Ndiyo minyoo ya kichocho. Haikukaa katika utumbo kama minyoo mingine. Ilifanya makao katika mlango wenyewe. Miaka hamsini na mitatu baadaye, mwaka 1904, William St Clair Symmers, akifanya kazi Kairo vilevile, alieleza namna mpya ya ugumu wa ini: mayai ya minyoo huingia pamoja na damu, hukwama katika vijito, na kuta za mishipa huota makovu meupe mazito. Ini likikatwa, makovu hayo huonekana kama mashina ya viko vya udongo yaliyopitishwa ndani ya nyama. Hapo hapakuwa na pombe. Palikuwa na mkulima aliyesimama katika maji ya mfereji.

Namna hii ya ugonjwa ina hila yake. Njia ya damu huzibwa, lakini nyama ya ini yenyewe hubaki hai kwa muda mrefu. Kwa hiyo mgonjwa hana macho ya manjano wala udhaifu mkubwa. Hulima, huvua na kubeba mzigo huku bandama ikikua na mishipa ikitanuka. Mara siku moja hutapika damu. Sababu ni kwamba kichochoro cha kitovu si kimoja peke yake. Damu iliyozuiwa hupita pia katika mishipa ya umio, ambayo haionekani kwa nje, na kuta zake ni nyembamba. Mshipa wa ngozi hauui. Nduguye aliyefichwa ndani ndiye anayeua. Yeyote aonaye ule wa nje na asifikiri ule wa ndani ameisoma nusu ya habari.

Ziwa Viktoria ni mojawapo ya makao makubwa ya kichocho cha tumbo katika Afrika Mashariki. Katika kisiwa cha Ukerewe, katika miaka ya 1990, watafiti walipita na mashine ya mawimbi ya sauti wakiyapima maini ya watu majumbani kwao, na makovu aliyoyaona Symmers kwa kisu yakaonekana kwa watu walio hai. Habari za Hospitali ya Bugando, Mwanza, zilizochapishwa mwaka 2013, zilionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliofika wakitapika damu, mishipa ya umio iliyotanuka ilikuwa sababu kubwa kuliko zote. Basi kwa mvuvi wa ziwa hilo, mshipa wa tumbo wapaswa kuleta swali la maji kabla ya swali la pombe.

Kutoka ziwani kwenda mashariki, baada ya kuvuka nyika za Serengeti, mtu hufika Loliondo, katika Wilaya ya Ngorongoro, na humo imo kata ya Arash. Hapa maisha ni mengine. Wakazi wake wengi ni Wamasai, na mali yao ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hakuna ziwa la kuvulia. Ikiwa swali la Mwanza ni maji, swali la Arash lapaswa kuanza penye mifugo na mbwa wa kuilinda.

Mbwa aweza kubeba tegu mdogo sana, urefu wake milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika majani, maji na manyoya, na kondoo huyala. Ndani ya kondoo hayawi minyoo. Huwa mafuko ya maji yanayokua katika ini na mapafu. Mchinjaji akilitupa ini bovu, mbwa hulila, na mzunguko huanza upya. Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya, akila mayai yaliyoshika mikono au chombo. Fuko hukua ndani ya ini lake polepole, pengine kwa miaka, mpaka tumbo likavimba. Mara nyingi huonekana kama uvimbe mgumu chini ya mbavu, bila mishipa yoyote. Lakini likikaa karibu na mlango wa ini na kuubana, au likiibana mishipa inayoitoa damu katika ini, au ule mshipa mkuu unaopanda nyuma yake, mishipa ya tumbo hujitokeza. Hali hiyo ni nadra, na kwa unadra wake hudhaniwa kuwa sirosisi. Hapo ndipo vidole viwili vya Harvey vina faida hata mahali pasipo na mashine: mwendo wa damu humwambia mganga kizuizi kiko wapi.

Mwaka 1989 zilichapishwa habari za uchunguzi wa maradhi ya mafuko ya maji kwa Wamasai wa kaskazini ya Tanzania, kazi ya C. N. L. Macpherson na wenzake. Mmoja wao alikuwa Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, aliyewatumikia watu wa nchi hiyo katika hospitali za Wasso na Endulen. Wamasai walionekana kupatwa kwa kiasi kidogo kuliko Waturkana wa Kenya, ambao walikuwa wamekwisha kujulikana duniani kwa wingi wa maradhi hayo. Lakini kidogo si kutokuwapo. Uchunguzi wa machinjioni uliofanywa baadaye katika Wilaya ya Ngorongoro uliyakuta mafuko hayo katika ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mfugaji anayechinja huyaona kwa macho yake. Anachohitaji kujua ni kwamba fuko aliloliona katika ini la kondoo, na uvimbe ulio katika tumbo la jirani yake, vimetoka kwa mbwa mmoja.

Je, mzunguko huo waweza kukatwa? Historia yasema ndiyo. Katika karne ya 19 Iceland, kisiwa cha wafugaji wa kondoo, ilikuwa mojawapo ya nchi zilizoteswa zaidi na mafuko ya maji. Mdenmarki Harald Krabbe alikwenda huko mwaka 1863, akapasua mbwa 100 na kumkuta tegu katika 28. Alirudi akaandika kijitabu kwa lugha ya wenyeji, kikasambazwa majumbani. Sheria zikafuata, mbwa wakatiwa dawa, na maini mabovu yakateketezwa. Katika karne ya 20 maradhi yalitoweka kisiwani. Kwa Waturkana, shirika la AMREF lilianza mwaka 1983 kazi ya namna hiyo: kuwapunguza na kuwatibu mbwa, kuwafundisha watu, kuwapima kwa mashine ndogo za mawimbi ya sauti, na kuwatibu wagonjwa kwa kisu na kwa dawa ya albendazoli. Kazi hiyo ilionyesha kwamba hata wafugaji wahamahama, wasiokaa mahali pamoja, waweza kufikiwa.

Hata hivyo lingekuwa kosa kubadili tuhuma moja kwa nyingine, na kusema kwamba kila tumbo la Arash ni la mbwa kama vile kila tumbo la London lilivyosemwa ni la pombe. Yupo adui wa tatu, naye hana mpaka wa ziwa wala wa malisho. Ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake walitangaza mwaka 1965 alama ya damu ambayo baadaye ilijulikana kuwa ya virusi hivyo, na mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Nobel. Virusi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa, kati ya watoto wanaocheza pamoja, kwa tendo la ndoa, na kwa wembe au kisu kinachopita kwa watu wengi bila kuchemshwa. Aliyevipata utotoni huweza kukaa navyo miaka thelathini bila kuumwa, kisha sirosisi ikamjia katika nguvu za utu uzima. Katika Afrika virusi hivi vimekuwa chanzo kikubwa cha ini gumu na cha saratani ya ini. Tanzania iliiingiza chanjo yake katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dozi ya kwanza itolewe mara mtoto anapozaliwa. Watoto wa kwanza wa chanjo hiyo sasa ni watu wazima. Wazazi wao hawakuipata.

Kwa hiyo tumbo moja lenye mishipa lina maswali mengi. Mgonjwa amekaa wapi, na ameoga katika maji gani? Anafuga nini, na maini mabovu hutupwa wapi? Mamaye na ndugu zake wamepata kuugua ini? Amekunywa dawa gani za miti? Ndipo, pamoja na hayo, aulizwe habari za pombe, kwa maana pombe nayo huharibu ini na si haki kuificha. Tofauti kati ya maswali haya si ya kitabuni tu. Kichocho kina dawa yake. Fuko la maji laweza kupasuliwa au kutibiwa, lakini anayelichoma sindano bila kulijua aweza kuyamwaga maji yake tumboni na kumhatarisha mgonjwa papo hapo. Virusi vya B vyaweza kuzuiwa kwa vidonge visiendelee kuharibu, na mishipa ya umio yaweza kufungwa kabla haijapasuka. Mgonjwa aliyeambiwa tu aache pombe asiyokunywa hupoteza matibabu yote hayo, na pamoja nayo heshima yake mbele ya watu wa boma lake.

Tena mshipa ni shahidi anayechelewa. Unapoonekana juu ya ngozi, ini limekwisha kubanwa kwa miaka mingi, na kwa mtu anayeishi mbali na hospitali kubwa muda uliobaki waweza kuwa mfupi. Kwa sababu hiyo historia ya alama hii haiishii penye tumbo. Yarudi nyuma mpaka penye chanzo: mtoto anayechanjwa, kisu kinachochemshwa, maji yanayochotwa mbali na konokono wa kichocho, ini la kondoo linalochomwa au kufukiwa badala ya kutupiwa mbwa, na mbwa anayepewa dawa. Katika hayo, lile la kondoo na mbwa halihitaji elimu kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo Krabbe mwaka 1863. Lahitaji kwamba habari iwafikie wafugaji wa Arash kwa lugha wanayoielewa, kabla mshipa haujapata nafasi ya kuisema.